Nilikodi baiskeli ya graveli siku 3 kwenye mabonde ya Vézère na Dordogne, Ufaransa: uzoefu wangu

Wadau, mwezi wa 10 mwaka jana nilienda Ufaransa kusini magharibi kunyonga baiskeli siku 3, na kwa vile watu wawili watatu wameshaniuliza habari za kukodi kule, naandika yote hapa mara moja, mazuri na yale yaliyoniudhi. Mimi ni mtu wa Moshi naishi Uingereza, nilienda na shemeji yangu, mtu wa Bukavu, anakaa Bordeaux, kwa hiyo Kifaransa yeye ndo alikuwa mdomo wa msafara.

Kwa asiyejua, graveli ni baiskeli yenye usukani wa kupinda kama za mashindano ila tairi zake ni nene, ya kwangu ilikuwa milimita 40, inapita lami inapita moramu inapita vinjia vya msituni. Breki za diski za mafuta, gia ya mbele moja tu ya meno 40, nyuma gia 11 na ile kubwa kabisa ina meno 42. Euro 45 kwa siku, na dipoziti ya euro 500 wakaizuia kwenye kadi. Jina la duka naliacha, mtaona kwa nini.

Tulipanda treni ya mkoa ya Bordeaux kwenda Sarlat, siku ile baiskeli hatukulipia, tukashuka Le Buisson. Kutoka pale mpaka Limeuil ni raha tupu. Limeuil ndo Vézère inaingia Dordogne, na kuna madaraja mawili yanakutana kwenye kona moja, kila moja linavuka mto wake. Tulikaa pale tukala mkate na jibini, ukungu bado haujapanda, nikajisemea hii safari ni mteremko. Mashamba ya njugu za walnati kila upande, chini wamezizoa kwenye makreti, na njia imekaa flati kama uwanja wa mpira.

Hapo ndo neno "bonde" lilinidanganya. Kwenye tangazo la duka waliandika njia rahisi za mabondeni, na mimi nikaangalia ramani nikaona mstari wa bluu nikajua tutafuata mto mwanzo mwisho. Shida ni kwamba pembeni ya mto pameshachukuliwa na barabara ya magari na reli, na sehemu nyingine jabali la chokaa limeshuka mpaka karibu na maji, hakuna pa kupita, kwa hiyo ile njia ya changarawe kila baada ya kilomita chache inakutoa bondeni inakupandisha msituni halafu inakurudisha chini. Kilima kimoja sio kirefu, mita 100 hivi, ila ukivipanda 8 kwa siku miguu inasahau kama asubuhi ulikuwa unacheka. Yale meno 40 ya mbele kwangu yalikuwa mengi mno, meno yakizidi mbele pedali inakuwa nzito mlimani, vipande viwili nilishuka nikasukuma kama nimebeba mkungu wa ndizi napeleka sokoni.

Lakini jamani kule juu! Misitu ya mialoni na ya chesinati, majani yameshakuwa ya kahawia, na zile chesinati zinadondoka zikiwa ndani ya maganda ya miiba kama kalunguyeye, ukipita juu yake unasikia kach kach kach. Changarawe yenyewe ni chokaa nyeupe, ikiwa kavu inashika vizuri sana, inatoa vumbi tu, ikilowa inakuwa sabuni. Na chini bondeni pande za Les Eyzies kuna nyumba zimejengwa chini ya jabali kabisa, jabali ndo paa la nusu ya nyumba. Pale pale mwaka 1868 ndo yalipatikana yale mabaki ya watu wa kale waliopewa jina la Cro-Magnon. Mbele kidogo kuna La Roque Saint-Christophe, ukuta wa jabali wa karibu kilomita nzima, umetobolewa matobo ambayo watu waliishi humo. Shemeji alisimama akatazama juu, akauliza hivi maji walikuwa wanapandishaje.

Maji na sisi yalitusumbua. Vijijini kule saa 6 mchana mpaka saa 8 maduka yanafungwa, Jumatatu ndo usiseme, hata duka la mkate limelala. Nilishasoma kwamba waendesha baiskeli wa Ufaransa wakiishiwa maji wanaenda makaburini, maana karibu kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua. Kweli, tukakuta geti la chuma, makaburi yamepangwa na vyungu vya maua, bomba liko ukutani na halina kile kibao cha kusema maji hayanyweki. Nikajaza chupa. Shemeji akarudi nyuma: "Shemeki, mayi ya makaburi mi siwezi kunywa!" Akanyonga na kiu yake kilomita 14. Kufika Montignac alikunywa soda tatu bila kuongea.

Montignac ndo kuna Lascaux, pango lenye michoro ya wanyama lililogunduliwa na vijana wanne mwaka 1940. Pango lenyewe limefungwa kwa watalii tangu 1963, unachoingia ni nakala yake iliyofunguliwa 2016, na tikiti ina saa yake, ukichelewa kwa sababu ya vilima ni shauri yako. Mimi nilidhani nitaona kitu feki nikaishia kukodoa macho, wale mafahali ni wakubwa kuliko nilivyofikiria. Ilinikumbusha michoro ya kale ya Kolo kule Kondoa, Tanzania, tofauti Kolo unasimama mbele ya jiwe lenyewe, upepo unakupiga.

Sasa siku ya 2, Montignac kwenda Sarlat kwa kupitia msituni, ndo duka lilinionyesha rangi yake. Tairi ni tyublesi, yaani haina tyubu, ndani wanaweka yale maji meupe mazito ya kuziba tobo lenyewe. Kuna mahali mkulima amepunguza ua wake na mashine, vijiti vya miiba vimetapakaa njiani, mara nasikia fsss ya nyuma. Nikasubiri izibe. Haizibi. Nikafungua tairi, ndani yale maji yameshakauka zamani, yamebaki magamba kama ugali ulioganda kwenye sufuria. Yaani baiskeli imetolewa dukani hivyo. Nikafungua kimkoba walichonipa, tyubu iliyomo ni nyembamba ya baiskeli ya lami. Nikaivuta ikaingia hivyo hivyo, nikajaza upepo, mita 300 hivi pancha tena, kosa langu hili, kuna mwiba mmoja sikuutoa. Ukipata pancha ya miiba pitisha kidole taratibu ndani ya tairi yote, mzunguko mzima, hata kama una haraka. Tukazamisha tyubu kwenye mtaro wa maji kutafuta tobo kama fundi wa pale kwetu anavyofanya na karai lake, shemeji alikuwa na viraka na gundi, tukabandika. Saa nzima na nusu.

Wakati tunahangaika akapita mzee mmoja na kapu la uyoga, akatuangalia, akamwambia shemeji leo kuna watu wanawinda nguruwe mwitu upande ule, tuzunguke. Kweli mbele tukakuta kibao cha onyo njiani. Ukienda kipindi cha uwindaji vaa rangi kali, mimi nilikuwa na jaketi la kahawia, rangi moja na majani.

Na breki, hii sijaona mtu akiisema. Uingereza breki ya mbele iko mkono wa kulia. Ufaransa ni kinyume, ya mbele iko kushoto, na duka hawakuniambia. Nikiwa nashuka kuelekea Sarlat nikataka kuminya ya nyuma kidogo tu, mkono ukaenda kushoto kwa mazoea, gurudumu la mbele likakamata, nikapiga mwereka kwenye majani. Nilichubuka goti tu, ila ingekuwa kwenye lami nisingekuwa naandika kwa utani. Kama umezoea za Uingereza waambie wakubadilishie, au zunguka nayo uwanjani nusu saa kwanza.

Siku ya 3 ilikuwa fidia. Kutoka Sarlat kuna njia ya reli ya zamani imewekwa lami ya baiskeli, unateleza mpaka Carsac, halafu tukaushika Dordogne kuelekea magharibi. La Roque-Gageac imebanwa kati ya jabali na mto, mbele ngome ya Beynac na ya Castelnaud zinatazamana juu ya maji kama majirani wasiosalimiana, na kweli kwenye Vita vya Miaka 100 moja ilikuwa ya Wafaransa nyingine ya Waingereza. Tukapanda na Milandes, jumba alilokaa Josephine Baker, yule mwimbaji na mcheza dansi maarufu, na watoto 12 aliowaasili. Kilima cha pale nilikinyonga chote bila kushuka, nilitaka tu mjue.

Kurudisha baiskeli, jamaa akaangalia tairi akakata euro 18 za pancha kwenye dipoziti. Shemeji akamtolea yale magamba makavu, nilikuwa nimeyafunga kwenye kitambaa, akayamwaga kaunta. Wakabishana Kifaransa dakika kumi, zikarudi euro 10.

Njia naipa nyota 5, baiskeli 4, duka 2. Mwezi wa 5 tunarudi, duka lingine, na nimeshawaandikia kwamba gia ya mbele nataka meno 36, wasinipe 40.