Mazda RX-8: gari la rota lenye nguvu kwa mwenye bajeti ndogo

Kwa mtu anayetamani kujenga gari la michezo lenye injini ya rota, yaani isiyo na pistoni bali pembetatu zinazozunguka, huku fedha zake zikiwa za kuhesabu, Mazda RX-8 ndilo chaguo ninalolipendekeza bila kusita, ila kwa sharti ambalo wajenzi wengi hulipuuza: pesa ya kwanza iende kwenye afya ya injini, na turbo, pampu ya kushindilia hewa kwenye injini, ije mwisho kabisa. Mtangulizi wake, RX-7 ya kizazi cha tatu, iliyotengenezwa kuanzia 1991 hadi 2002 ikiwa na turbo mbili na iliyofikia nguvu farasi 280 mwaka 1999, leo ni mali ya wakusanyaji wenye uwezo. Hata RX-7 ya kizazi cha pili, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kimbilio la wenye mfuko mdogo, imepanda bei kupita kiasi. RX-8, iliyouzwa kuanzia 2003 hadi 2012, bado hupatikana hapa Uingereza kwa chini ya pauni 2,000 kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba watu wanaiogopa injini yake.

Kabla ya kuizungumzia injini hiyo, ni haki kulitaja bodi lililoibeba, kwa kuwa hapo ndipo mnunuzi anapookoa fedha nyingi zaidi. Injini ya rota ni ndogo na fupi, kwa hiyo wahandisi wa Mazda waliiweka chini na nyuma ya ekseli ya mbele, na uzito wa gari ukagawanyika nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Usukani unajibu kwa wepesi na ukweli ambao magari ya bei mara tano yake hayaufikii, giabox ya gia sita inaingia kwa mkono mfupi na mwepesi, na mfumo wa springi na mikono ya magurudumu hauhitaji kubadilishwa, bali bushi mpya na shokomzoba nzima tu. Anayejenga gari la nguvu kutokana na msingi mwingine wa bei hii hulazimika kulipia mambo hayo yote kabla hajagusa injini. Aidha, milango midogo ya nyuma inayofunguka kinyume inawaruhusu watu wazima wanne kuingia na kukaa kwa heshima.

Nchini Uingereza gari hili liliuzwa kwa namna mbili, ya nguvu farasi 192 yenye gia tano na ya 231 yenye gia sita. Chukua ya 231, kwani ina matundu sita ya kuingizia hewa badala ya manne, na inapanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika. Angalia pia tarehe ya usajili: lililosajiliwa kabla ya tarehe 23 Machi 2006 hulipa kodi ndogo ya barabara kuliko lililosajiliwa baadaye, ingawa moshi wao ni uleule, na tofauti hiyo ya kila mwaka ni pesa ya spea. Kutu kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na chini ya milango ni sababu tosha ya kuondoka bila kujadili bei.

Sasa injini. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,308, na ndani yake rota mbili za pembe tatu huzunguka katika vyumba vyenye umbo la yai lililobinywa kiunoni. Kila rota ina nyuso tatu, na kila uso unavuta hewa, unaibana, unaiunguza na kutoa moshi kwa zamu yake, hivyo kila shafti inapozunguka mara moja kila rota inatoa mwako mmoja. Hakuna vali, hakuna pistoni zinazopanda na kushuka, na ndiyo maana mlio wake unapanda laini kama haujui mwisho. Lakini yote hayo yanategemea sili, vipande vya kuziba, nyembamba za ncha na za ubavuni za rota, ambazo hulainishwa kwa oili inayopuliziwa ndani kwa makusudi na kuungua pamoja na petroli. Mmiliki asiyeangalia kijiti cha oili kila anapojaza tangi anaiua injini yake huku akidhani ni nzima. Wajenzi wengi, nami nikiwa miongoni mwao, huongeza oili ya pikipiki za mipigo miwili kwenye petroli, kwa kadiri ya sehemu moja kwa mia mbili, ili sili zisikauke.

Kwa sababu hiyo, usinunue RX-8 yoyote kwa kusikiliza maneno ya muuzaji. Nunua kwa namba za kompresheni, yaani kipimo cha jinsi injini inavyobana hewa. Kifaa cha kawaida cha gereji husoma thamani moja tu, ile ya uso bora kuliko wote, na hivyo huuficha uso uliochoka. Kinachohitajika ni kifaa cha rota kinachosoma nyuso zote tatu za kila rota, injini ikiwa na joto. Kiwango cha chini kinachokubaliwa na Mazda ni kilopaskali 680 kwa mizunguko 250 kwa dakika. Iwapo hakuna kifaa, washa gari, liendeshe mpaka lipate joto kamili, lizime kwa dakika kumi, kisha uliwashe tena: likihangaika, kompresheni imekwisha. Kuijenga upya injini kwa fundi anayeijua rota mara nyingi huzidi bei ya gari lenyewe. Hata hivyo, gari lenye injini iliyokufa, likinunuliwa kwa bei ya chuma chakavu, linaweza kuwa mpango mzuri kuliko linaloendelea kutembea kwa kusuasua, kwa sababu angalau hujalipia injini ambayo utaitoa.

Chanzo cha vifo vingi vya injini hizi, kwa maoni yangu, ni koili za cheche, zinazozipa plagi umeme. Ziko nne na huchoka mapema. Koili inapodhoofika, petroli isiyoungua hukimbilia kwenye katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi, na kuungulia humo. Katalisti huyeyuka na kuziba, moshi hukosa njia, joto hurudi nyuma kwenye rota, na sili huanza kufa. Mmiliki huilaumu rota, kumbe kilichoanza ni kifaa cha bei ndogo. Koili zenye nguvu zilizotengenezwa kwa ajili ya injini za V8 za General Motors, zikifungwa na waya mpya na plagi nne mpya, ni pesa bora kuliko yoyote utakayoitumia kwenye gari hili, na gari lililokuwa likionekana limechoka huamka.

Baada ya cheche hufuata upoozaji. Kuta za vyumba vya rota ni za alumini, na sahani zinazovitenganisha ni za chuma cha kusubu. Vyote vimebanwa pamoja kwa bolti ndefu, na kila kimoja hutanuka kwa kiwango chake. Joto likizidi hata mara moja, sili za maji hupasuka na injini haina budi kufunguliwa. Mshale wa joto kwenye dashibodi haufai kuaminiwa, kwani hukaa katikati hata maji yakiwa yamepata joto la hatari. Kisoma data cha bei rahisi kinachochomekwa chini ya usukani kinakupa digrii halisi. Rejeta kubwa ya alumini na feni zinazowashwa mapema ni lazima, na zaidi sana kwa gari litakalokwenda kuishi Dar es Salaam au Mombasa. Lakini kwa Kenya njia ya kuliingiza imefungwa na sheria inayokataza kuingiza magari yaliyozidi miaka minane, na kilichobaki ni kununua lililokwisha kusajiliwa huko.

Ndipo tunafika kwenye turbo. Injini hii hutoa moshi kupitia ubavuni, na tundu la katikati linatumiwa na rota zote mbili, kwa hiyo joto hujikusanya hapo. Uwiano wake wa kubana ni 10 kwa 1, wakati RX-7 ya turbo mbili ilikuwa 9 kwa 1. Ina maana kwamba hewa tayari inabanwa sana, hivyo msukumo wa turbo lazima uwe mdogo. Kwa msukumo wa nusu baa hivi (nusu ya shinikizo la hewa ya kawaida), pampu kubwa ya petroli, nozeli kubwa, kipoza hewa na kompyuta ya injini inayoweza kupangwa upya, nguvu farasi 300 zinafikika, na katika gari la takribani kilo 1,400 hiyo ni kasi ya kweli. Usibane matumizi kwenye kazi ya kupanga petroli na cheche kwenye mashine ya kupimia nguvu, kwa fundi aliyewahi kuzipanga rota. Mwako mmoja unaolipuka kabla ya wakati wake unatosha kuvunja sili ya ncha, na kipande hicho kikitoka huikwaruza turbo pia. Anayetaka nguvu farasi 400 aache injini hii na atafute injini ya 13B ya RX-7 ya turbo aifunge humo, akijua kwamba bajeti ndogo imekwisha.

Mimi ningefunga koili, rejeta, kipoza oili na matairi mazuri, kisha ningeendesha msimu mzima na nguvu farasi 231 zilizo hai, nikipima kompresheni mwanzo na mwisho. Namba zikibaki palepale, turbo inunuliwe. Zikishuka, fedha ile ile ndiyo ya kuijenga injini upya.