Kozi ya ufinyanzi Mombasa: mikono wanafunza, moto bado

Nimemaliza kozi ya cheti ya ufinyanzi katika chuo kimoja hapa Mombasa. Kila nikipakia vyungu kwenye tuktuk kuna mtu wa kuniuliza kama kozi hiyo ina maana, basi wacha niandike. Jina la chuo silitaji, maana nina manung'uniko, na walimu wenyewe ni watu wema.

Mwanzoni usitegemee kuliona gurudumu la kufinyangia. Utachekecha udongo na kuukanda mpaka viganja viwake, kisha mwalimu alikate donge lako kwa waya, akuonyeshe vitundu vya hewa ndani, aseme, "Bado." Kuna walioacha hapo hapo. Mimi naona ndiyo sehemu waliyoifanya vizuri kuliko zote, hasa kwa udongo wa huku kwetu wenye vijipande vya matumbawe na makome. Kijipande kidogo tu cha tumbawe kikipata moto wa kutosha tanurini hugeuka chokaa, ile ile ya kujengea. Chombo kinatoka kizima, kinang'aa, watu wanakupongeza. Kisha chokaa inaanza kunywa unyevu wa hewa, na Mombasa unyevu haujapata kuwa haba. Inafura, inabandua kigamba cha udongo na kuacha shimo jeupe. Chetezo cha mwenzangu kilifanya hivyo kikiwa tayari kwa mamake, kimeshafukizwa udi. Tangu siku hiyo hakuna aliyelalamika kuchekecha udongo.

Gurudumu lenyewe ni la umeme, na machache yaliyopo yanagombaniwa, kwa hivyo wahi asubuhi. Sina zaidi la kusema juu yake.

Lililonifanya nisijute karo ni wiki aliyoletwa mfinyanzi mzee kutoka upande wa Kilifi. Tulimwita Mama tu. Hakugusa gurudumu. Aliweka tako la chungu juu ya kigae, akaviringa kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, huku yeye mwenyewe akikizunguka chungu kinyumenyume, kiuno kimeinama, mkono mmoja ndani na mmoja nje. Mimi nilikuwa nauvuta udongo kwa pupa. Akanishika kifundo cha mkono: "Mwanangu, usikivute. Kipandishe." Kisha akatufunza kukisugua kwa kokoto laini ya mtoni kikiwa kimekauka nusu, mpaka kikang'aa bila kupakwa chochote.

Hapo ndipo mwalimu wetu alipotuonyesha picha za kazi za mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kufanya jina lake Uingereza. Naye hujenga kwa mkono, hupaka uji wa udongo na kusugua. Akichoma hewa ikiwa tele chombo hutoka chekundu. Akikichoma tena kwa kukinyima hewa hutoka cheusi. Darasa zima lilinyamaza, maana tulikuwa tumeshaanza kudhani kazi ya mkono ni ya wasio na mashine. Walitupeleka Fort Jesus pia, kutazama vigae vya kienyeji na vya kaure ya Uchina, pamoja na vitu vilivyopatikana kwenye jahazi la Kireno Santo António de Tanná, lililozama mbele ya ngome mwaka 1697. Nendeni na daftari.

Sasa manung'uniko. Tanuri ni moja, la umeme, na haliwashwi mpaka lijae. Msimu wa masika vyombo havikauki, kwa hivyo halijai. Likijaa, stima inapotea katikati. Hilo si jambo dogo. Kwenye nyuzi 573 za Selsiasi chembe za kwazi, madini yale ya mchanga, zilizomo udongoni hubadilika ukubwa kwa ghafla, na hapo joto linatakiwa lipande na kushuka polepole. Tanuri likipoa ovyo, vyombo vinapasuka. Sisi tulifungua mlango tukakuta sahani zina nyufa kama ramani, na pesa za kuchomea, ambazo hulipwa kando na karo, hazikurudishwa.

Tena hatukuwahi kuvuka mchomo wa kwanza, ule wa kama nyuzi 1,000. Mpako wa kioo, unaozuia kikombe kunywa chai yako kabla yako, tulifundishwa ubaoni: silika, alumina, kiyeyushi, andika, futa. Udongo wa mawe, ule wa vyombo vigumu visivyonyonya maji, unaotaka nyuzi 1,200 na zaidi, tuliusikia kwa jina. Ukiuliza unaambiwa tanuri jipya linakuja. Waliotutangulia nao waliambiwa hivyo hivyo.

Kwa hivyo, ikiwa unataka kuuza vyetezo, vyungu vya maua na mitungi, ingia bila wasiwasi. Utatoka na mikono inayojua kazi. Ikiwa ndoto yako ni kupeleka vikombe na sahani kwenye hoteli za Nyali na Diani, pita ofisini kabla ya kulipa, uombe uonyeshwe kitu chochote chenye mpako wa kioo kilichotoka kwenye tanuri lao mwaka huu. Wakikuonyesha, niambie, nami nirudi kujiandikisha hatua ya pili. Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za yule Mama.