Uzoefu wangu na pikipiki kuukuu: fundi hakuuliza inazimikaje

Nilikusudia kuandika habari za pikipiki, lakini kila nikianza najikuta nimerudi kwa fundi, kwa hiyo wasomaji waniwie radhi. Pikipiki yenyewe ni ya silinda moja, ya platini (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche) na kabureta (kichanganya mafuta na hewa), na wengi wanaoiulizia walikuwa hawajazaliwa ilipotoka kiwandani. Niliinunua ikiwa imelala bandani miaka kadhaa, tangi limejaa kutu, cheni imekakamaa kama fimbo, na panya wamehamia ndani ya kichujio cha hewa. Ukarabati ulichukua miezi ambayo sikuihesabu. Tangi nililisafisha kwa siki, kabureta nikaifungua na kuzibua jeti, vitundu vyake vya kupitishia mafuta, moja baada ya nyingine, na matairi nikayatupa, maana tarakimu nne za ubavuni, 2309, zilieleza kwamba yalitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009 na hayakustahili kubeba mtu. Mwisho nikapulizia rangi tangi pamoja na mfuniko wake. Siku ilipowaka kwa kiki ya pili nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kisha ikaanza kuzimika. Ikiwa baridi haikuwa na tatizo lolote. Ila baada ya mwendo wa dakika ishirini hivi ilipoteza nguvu, ikavuta, ikalegea, ikavuta tena, ikafa. Ukiipumzisha kando ya barabara iliwaka kana kwamba hakuna kilichotokea, ikakufikisha mbele kidogo, ikafa tena. Aliyewahi kusukuma pikipiki mlimani huku amevaa koti zito anajua jinsi ustaarabu unavyomtoka mtu hatua kwa hatua.

Nilipoishiwa maarifa niliipeleka kwenye karakana moja ambayo sitaitaja. Fundi mkuu hakuinuka kwenye kiti chake. Aliitazama pikipiki kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma, akanitazama na mimi vivyo hivyo, akasema, “Bosi, hili banda la kuku umelitoa wapi?” Wasaidizi wake wakacheka. Nikameza. Nilipoanza kueleza kilichonileta alinikata kauli: “Hiyo ni koili, ikipata moto inakufa. Iache hapo, uje keshokutwa.”

Hakuuliza inazimikaje, na hapo ndipo hasira yangu ilipo, si kwenye banda la kuku. Koili (kifaa kinachokuza umeme wa cheche ya plagi) ikiwa mbovu na mafuta yasiyofika hufanana sana kwa nje, kwa kuwa matatizo yote mawili huweza kujitokeza injini ikishapata moto na kutulia pikipiki ikipumzika. Lakini kwa kawaida umeme wa plagi ukikatika injini hukatika papo hapo, kama taa iliyozimwa, ilhali mafuta yakipungua hulegea kidogo kidogo, hukohoa, huomba. Yangu ilikuwa inaomba. Mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi angeuliza swali moja tu, nami ningemjibu kwa neno moja, na sote tungerudi kwenye shughuli zetu.

Basi akabadilisha koili, ikazimika. Akabadilisha kondensa, kile kifaa kidogo cha umeme kinachofanya kazi na platini, ikazimika. Mara ya tatu akafungua kabureta ambayo nilikwisha kuisafisha, tena akaifungua kwa bisibisi ya msalaba ya kawaida, ya Phillips, ingawa skrubu za pikipiki nyingi za zamani za Kijapani zilitengenezwa kwa kipimo cha JIS, yaani viwango vya Kijapani, ambacho kwa macho kinaonekana kilekile lakini bisibisi isiyo yake huteleza na kuzitafuna. Niliikuta skrubu moja ya bakuli la kabureta imeliwa hadi ule msalaba wake umekuwa shimo la duara. Nilipolalamika akaniambia, “Skrubu nayo unaililia?” Naam, naililia hadi leo. Nilimlipa kila alichodai, nikaondoka, na dakika ishirini baadaye nilikuwa nasukuma.

Jibu lilikuja siku nyingine, mbali na nyumbani. Ilikuwa imezimika tena, na nilitaka tu kuchungulia kama mafuta yamebaki. Nilipozungusha mfuniko, tangi likavuta hewa kwa sauti ndefu, fyuuu, kama mpiga mbizi anayeibuka juu ya maji. Kiki moja, ikawaka. Nikafunga mfuniko na kuondoka, ikafa. Nikaulegeza, nikafika nyumbani. Kumbe mafuta hushuka kwenye kabureta kwa uzito wake yenyewe, na kadiri yanavyoshuka lazima hewa iingie kujaza nafasi kupitia kitundu cha mfuniko. Kitundu kikiziba, ombwe huongezeka ndani ya tangi na kuyashikilia mafuta yasitoke. Ukisimama, hewa hujipenyeza taratibu, na ndiyo maana pikipiki ilionekana kupona. Kitundu chenyewe ni kidogo kuliko ncha ya kalamu, na kilikuwa kimezibwa na rangi.

Rangi hiyo niliipulizia mimi.

Nimefuta sentensi kali mbili kuhusu yule fundi kwa sababu hiyo. Nyingine nimeziacha. Kuziba kitundu ni kosa langu, nakiri, lakini kumuuzia mtu koili bila kuipima ile aliyokuja nayo si kosa langu, na bisibisi ile siwezi kuisamehe.

Kuhusu pikipiki, wiki ile ya koili ningemkataza mtu yeyote asiiguse. Taa yake ya volti 6 inaangaza kama kibatari, breki zake za ngoma zinataka uzipe taarifa mapema, na kila ilipolala huacha tone la oili sakafuni. Sasa naiendesha karibu kila siku, nami nikiulizwa kama ningemshauri mwingine anunue kama hiyo, nasema ndiyo, halafu nakumbuka ule mlima na kusema tungoje kwanza.

Koili ya zamani niliipima kwa mita. Ni nzima. Nimeirudisha mahali pake, na ile mpya imekaa kwenye boksi lake juu ya kabati. Skrubu ya kabureta bado ni ileile iliyotafunwa, maana inayolingana nayo sijaipata.