Bunduki ya lebo, kitanzi au pini: ununue nini ili bei isihame?

Jumapili moja hapa soko la Kibuye, Kisumu, mama mmoja alinijia na koti zito la sufu mkononi. Lebo ilisema 350. Koti lile nililiandikia 1,200 kwa mkono wangu asubuhi hiyo. "Dada, si bei ndiyo hii umeandika mwenyewe?" Mwandiko ulikuwa wangu kweli, ila lebo ilikuwa ya blauzi. Mtu alikuwa amefungua pini, akahamisha kikaratasi, akafunga tena vizuri kuliko mimi. Tulibishana hadi 700, nikauza huku moyo unauma. Jumatatu nilikuwa Oginga Odinga Street natafuta kitu kisichofunguka kwa vidole.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila kinachouzwa. Mpangilio huu ni wa muuzaji wa nguo na viatu. Mwenye duka la rejareja nitamfikia, kwa kifupi.

Namba moja kwangu ni bunduki ya lebo yenye sindano nyembamba, na neno la kuzingatia hapo ni nyembamba. Kifaa chenyewe ni cha plastiki, kina umbo la bastola, na mbele kina sindano ya chuma yenye mfereji. Ukibonyeza, uzi mfupi wa plastiki wenye kichwa cha T unasukumwa ndani ya mfereji. Kile kichwa hupita kwenye kitambaa kikiwa kimelala, kikitokea upande wa pili kinajinyoosha, basi hakirudi. Kukitoa ni mpaka ukate. Ubunifu huu ulienezwa na kampuni ya Dennison ya Massachusetts, Marekani, miaka ya 1960. Ndiyo hiyo iliyoungana na kampuni ya Avery mwaka 1990.

Ukifika dukani ukasema tu "nipe bunduki ya lebo", mara nyingi utapewa ya sindano nene. Hiyo ni nzuri kwa jinzi, makoti, taulo na mapazia. Kwa shifoni, dera laini au sweta ya kufumwa ni balaa. Nilitoboa blauzi ya kamera, ile unaichagua kwanza robota likifunguliwa, na mteja akaiinua kwenye jua akaniuliza kama imeliwa na mende. Tundu lilikuwa palepale kifuani. Bunduki nzima ilikuwa imenigharimu chini ya bei ya ile blauzi.

Kwa hiyo nene naiweka namba mbili, lakini kama kibanda chako ni jinzi tupu, geuza mpangilio: sindano nyembamba ikikutana na mshono wa jinzi inapinda.

Nyuzi za plastiki nazo zina saizi zake. Za sindano nene hazipiti kwenye nyembamba, na nyembamba ukizilazimisha kwenye nene zitakwama au zitatoka mbilimbili. Huja zimeshikana kama meno ya kitana, 50 au 100 kwa kitana kimoja, na boksi la kawaida huwa na 5,000. Urefu wa milimita 25 unatosha shati; koti la baridi linataka 50 au zaidi. Vuta mmoja kwa nguvu kabla ya kulipa. Ukikatika bila kukupa kazi, rudisha boksi. Za nailoni huvumilia kuliko za bei ya chini.

Usinunue bunduki iliyofungwa kwenye karatasi yake bila kuijaribu. Nenda na kitambaa chakavu kama kile unachouza. Weka kitana juu, choma hadi sindano itokee upande wa pili, bonyeza hadi mwisho, achia, ndipo uchomoe. Rudia mara kumi. Ukibonyeza nusu, uzi unabaki ndani na wa pili unausukuma, hapo ndipo watu husema "imeharibika" kumbe ni mkono. Lakini ikikwama hata ukibonyeza vizuri, achana nayo. Uliza pia sindano za akiba, kwa sababu sindano huvunjika mapema kuliko bunduki. Duka lisilo na sindano za akiba linakuuzia kitu cha msimu mmoja.

Na utoboe wapi? Kwenye lebo ya kiwandani ya shingoni, au kwenye mshono wa ubavuni. Ngozi usitoboe kabisa, maana tundu la ngozi halizibi.

Kwa ngozi, viatu, mikoba na mishipi, namba tatu: kitanzi cha plastiki cha kujifunga. Unakipitisha kwenye tundu la kamba ya kiatu, unachomeka ncha moja ndani ya nyingine, kinajifunga. Hakihitaji mashine na hakiachi alama. Ubaya ni kwamba ni kazi ya kimoja kimoja, na jozi mia moja zitakuumiza vidole.

Uzi wa kawaida na kadi yenye tundu bado nauheshimu, hasa kwa mafundi wa viatu au redio wanaoandika jina la mwenye mali. Kadi hupasukia kwenye tundu. Mwaka 1863 E. W. Dennison, wa kampuni ileile ya Dennison, alisajili hataza ya lebo yenye kipete cha karatasi kuzunguka tundu kwa sababu hiyohiyo. Wewe bandika selotepu pande zote mbili kabla ya kutoboa, inatosha.

Mashine ya kubandika stika ni ya mwenye duka: makopo, sabuni, madaftari. Hakikisha roli unazopata mjini zinalingana nayo, 21 kwa 12 milimita ndizo nyingi. Chagua stika zenye mikato midogo ya makusudi, zinachanika mtu akijaribu kuzihamisha. Kwenye nguo hazikai.

Pini umeshasikia habari zake. Stepla ndiyo ya mwisho kabisa: inashika nyuzi, inachoma mteja anapojaribu nguo, na kwa unyevu huu wa ziwa inaacha kutu kwenye shati jeupe.

Jirani mwenye mbuzi aliniomba bunduki yangu akaweke alama masikioni. Nilikataa. Hereni za mifugo zina koleo zake, muulize daktari wa mifugo.

Nguo za watoto wachanga sitoboi wala sifyatulii chochote. Kipande cha uzi kikibaki kwenye mshono kinachoma, na mtoto huweka kila kitu mdomoni. Hizo nazifungia kadi kwa uzi wa pamba kwenye kifungo, au bei naitaja kwa mdomo.