Fimbo ya kwanza ya kuvulia kwa nzi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Anayeanza uvuvi wa nzi, yaani kuvua kwa chambo bandia chepesi kinachoigiza mdudu, huingia dukani na ombi moja: "Nipe fimbo nzuri ya kuanzia." Muuzaji anayeijua kazi yake hagusi hata fimbo moja kwanza. Anauliza: unakwenda kuvulia wapi? Asipouliza, muulizie wewe, maana jibu la swali hilo ndilo linaloamua kila kitu utakacholipia. Fimbo ya kijito cha trauti, samaki wa maji baridi, ukiipeleka baharini kumsaka kolekole, ama itavunjika au utarudi na bega linalouma bila kitu mkononi. Ya baharini nayo ukiipeleka kijitoni, mshipi unatua kwa kishindo na samaki wote wanajificha chini ya mawe.

Sababu iko kwenye namna yenyewe ya kuvua. Katika uvuvi wa mshipi tuliouzoea, chubwi au chambo kizito ndicho kinachoruka, mshipi unafuata nyuma. Huku ni kinyume. Nzi wa bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana, hana uzito wa kumtupa popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao umetengenezwa mnene na mzito kwa makusudi, na fimbo ni ya kuusukuma. Ndiyo maana fimbo hizi zina namba. Mshipi hupimwa uzito wa futi 30 za mwanzo, yaani mita 9 hivi: namba 5 ni greni 140, kama gramu 9, namba 8 ni greni 210, yaani gramu 13 na nusu. Fimbo iliyoandikwa 5 imetengenezwa kubeba mshipi namba 5. Zisipolingana, hata fundi wa kurusha atahangaika, sembuse mgeni.

Kwa hiyo, maji kwanza. Kijito chembamba chenye miti juu yake kinataka namba 3 au 4, na fimbo fupi. Mto wa wastani na bwawa dogo, namba 5. Ziwa lenye upepo, au samaki kama bass wanaopenda nzi wakubwa, namba 6. Ufukweni ni 8 au 9, na kolekole wakubwa wanataka 11 au 12, ila hao waache kwanza. Kama bado hujui utaishia kwenye maji gani, chukua namba 5 ya futi 9, yaani mita 2.7, ya vipande vinne. Ndiyo jibu utakalopewa karibu kila duka, na kwa mara moja jibu la wengi ni sahihi.

Sasa njia za kuipata, kwa mpangilio ninaousimamia.

Ya kwanza: seti kamili iliyokwishafungwa

Seti ni fimbo, rili (gurudumu la kuzungushia mshipi), uzi wa akiba (unaokaa chini ya mshipi kwenye rili), mshipi na lida (uzi mwembamba wa kufungia nzi), vyote vikiwa vimelinganishwa na kufungwa na mtengenezaji, ndani ya bomba la kubebea. Kampuni nyingi kubwa za vifaa hivi zinazo, kuanzia za bei ya chini hadi za kati. Wavuvi wazoefu huzidharau kwa kuwa hakuna cha kujivunia ndani yake. Kwa mgeni hilo ndilo jambo jema: hakuna cha kukosea. Uzi wa akiba umefungwa kwenye rili, mshipi umefungwa kwenye uzi wa akiba, lida imefungwa kwenye mshipi. Hayo ni mafundo matatu ambayo mtu asiyeyajua huyafunga vibaya, akayagundua samaki akiwa tayari anavuta.

Kabla ya kulipa, fungua bomba. Unganisha vipande vinne na uangalie kama pete zote za kupitishia mshipi zimekaa mstari mmoja. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete hiyo ina kovu na itaukwangua mshipi. Soma kilichoandikwa juu kidogo ya mpini: urefu, namba, idadi ya vipande. Kisha soma kasha la mshipi. Unatafuta WF5F. WF ni mshipi ambao uzito wake umesogezwa mbele, rahisi kuurusha. 5 ni namba. F ya mwisho ni kwamba unaelea. Ukikuta S badala ya F, huo unazama, urudishe. Anayeanza aone mshipi wake juu ya maji, la sivyo hatajua unafanya nini.

Uliza pia kuhusu dhamana ya fimbo. Fimbo za kaboni, ambazo ndizo zimeshika soko tangu miaka ya 1970, ni nyepesi na zina nguvu, lakini mlango wa gari huzivunja bila taabu. Zipo kampuni zinazobadilisha kipande kilichovunjika kwa ada ndogo. Hiyo ina faida kuliko rili ya kung'aa.

Na tukiwa kwenye rili: usidanganyike. Kwa namba 5, rili ni ghala la mshipi tu. Samaki wa kawaida utamvuta kwa mkono, ukiukusanya mshipi kwa vidole. Breki nzuri ya rili inaanza kuwa na maana kwenye namba 8 kwenda juu, baharini, ambako samaki anaweza kuondoka na mita 50 za uzi wa akiba kabla hujasimama vizuri. Muuzaji akikusukumia rili ya bei kuliko fimbo kwa ajili ya trauti wa mtoni, ujue unamlipia kodi ya duka.

Ya pili: fimbo iliyotumika, mshipi mpya

Watu wengi hununua, wanakwenda mara chache, kisha fimbo inalala kabatini. Hapo ndipo unapopata fimbo nzuri kuliko ile ambayo mfuko wako ungeimudu ikiwa mpya. Sharti ni kwamba uijue kuikagua, au uende na anayejua. Iinue uangalie kwa jicho moja kuanzia mpinini hadi nchani kama imenyooka. Tembeza ukucha taratibu juu ya kaboni: kinundu au kijishimo kidogo ni alama ya nzi mwenye uzito aliyeigonga wakati wa kurusha, na hapo ndipo itakapovunjikia. Angalia maungio: vipande vikibaki vimelegea hata baada ya kuunganishwa, vimelika na vitakuwa vinachomoka angani. Mpini wa koki, ile ya vizibo vya chupa, ukiwa mweusi kwa uchafu, hiyo haina neno, unaoshwa.

Mshipi wa zamani usiuhesabu. Ukiwa na nyufa ndogo kama udongo uliokauka, hauelei tena wala hautelezi kwenye pete. Nunua mpya. Kati ya fimbo ya bei ikiwa na mshipi mbovu na fimbo ya kawaida ikiwa na mshipi mzuri, ya pili itakushika samaki.

Ya tatu: tenkara

Hii ni namna ya Wajapani ya kuvulia vijito vya milimani: fimbo ndefu ya kuchomoza, vipande vikiingia kimoja ndani ya kingine, ya mita 3 hadi 4, mshipi umefungwa moja kwa moja kwenye ncha yake, hakuna rili kabisa. Nje ya Japani ilianza kujulikana sana kuanzia 2009, ilipoanza kuuzwa Marekani. Inakunjika ikawa fupi kiasi cha kuingia kwenye begi la mgongoni, na mtu anaweza kuvua nayo siku ile ile anayoinunua.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja: mipaka yake ni urefu wa mshipi wake. Samaki aliye mbali humfikii, na samaki mkubwa akiamua kuondoka huna uzi wa kumwachia. Pia, baadhi ya maji yana sheria zinazoeleza vifaa vinavyoruhusiwa, kwa hiyo ulizia kwanza. Lakini kama maji yaliyo karibu nawe ni vijito vyenye mawe na maporomoko madogo, ipandishe hadi nafasi ya kwanza na usisikilize mtu.

Ya nne: kununua kimoja kimoja

Fimbo huku, rili kule, mshipi mtandaoni. Ni raha kwa anayejua anachokitaka. Mgeni hajui bado. Ngoja msimu mmoja upite, utajua kama unapenda fimbo laini au ngumu, kisha rudi hapa.

Ya mwisho: pakiti isiyo na namba

Utaikuta kwenye rafu ya maduka ya kila kitu na kwenye masoko ya mtandaoni. Imeandikwa "kwa wanaoanza" kwa herufi kubwa, ina kisanduku cha nzi 40 wa rangi zote, lakini hakuna popote palipoandikwa namba ya fimbo wala ya mshipi. Nyingine zinadai kufaa kwa nzi na kwa chambo kizito pia. Fimbo haiwezi kuwa zote mbili. Mtu anaanza na hii, anashindwa kurusha hata mita 6, anahitimisha kwamba uvuvi wa nzi haumfai. Iache hapo rafuni.

Vidogo vidogo vinavyomaliza pesa

Lida ni ule uzi mwembamba unaochongoka, kati ya mshipi mnene na nzi. Anza na ya futi 9. Mwishoni mwake huungwa tipeti, iliyo nyembamba zaidi, inayopimwa kwa X, na hapa hesabu yake imepinduka: X ikiongezeka, uzi unapungua unene. 5X ni milimita 0.15 hivi, 4X ni 0.18. Kanuni ya wavuvi ni kuchukua namba ya nzi ukaigawa kwa 3. Nzi namba 12 anataka 4X; namba 15 au 16, 5X. Ndoana nazo ni hivyo hivyo, namba kubwa ni nzi mdogo.

Nzi wenyewe usinunue kwa rangi. Aina nne au tano, kila mmoja watatu watatu, zinatosha: Adams na Elk Hair Caddis wa kuelea, Pheasant Tail wa kuzama, na Woolly Bugger kwa maji yaliyotulia. Adams alifungwa mara ya kwanza Michigan mwaka 1922 na bado haondoki kwenye visanduku vya wavuvi, kwa kuwa hafanani na mdudu mmoja bali anakaribiana na wengi.

Kikata kucha cha kawaida kitakata tipeti sawasawa na kile cha dukani chenye kamba ya shingoni. Koleo jembamba la kuchomolea ndoana linahitajika kweli. Kofia na miwani ni lazima, na si kwa urembo: ndoana inapita karibu na sikio lako mara mia kwa siku. Chukua miwani inayokata mng'ao wa maji, utaona na samaki pia. Suruali ya mpira ya kuingilia majini isubiri. Maji mengi ya kuanzia yanavulika ukiwa ukingoni.

Dukani uulize nini

Nenda siku ambayo si ya mapumziko, asubuhi, muuzaji akiwa na nafasi. Omba kuirusha fimbo nje, ikiwa na mshipi. Kuitikisa ndani ya duka hakukuambii lolote, na duka linalokataa jambo hilo limekwishajieleza. Usiulize samaki wakubwa wako wapi; hakuna anayetoa siri hiyo kwa mteja wa dakika kumi. Uliza: maji gani hapa karibu yana ukingo ulio wazi nyuma, wapi nitapata kibali, ni nzi gani watatu wanaoliwa mwezi huu, na kuna nani wa kunifundisha kurusha kwa saa moja? Kisha wanunue hao nzi watatu hapo hapo. Bei yake ni ndogo, na mara ya pili ukiingia utakaribishwa kiti.

Hilo la ukingo ulio wazi ni la maana kuliko wingi wa samaki. Mshipi unakwenda nyuma kabla ya kwenda mbele. Pakiwa na kichaka nyuma yako, utashinda mtini unachomoa nzi. Bwawa dogo la samaki waliopandikizwa, au ziwa lenye perege wanaozunguka kando, linamfaa mgeni kuliko mto maarufu ambao samaki wake wamekwishaona kila aina ya nzi. Kama unatumia mkono wa kulia, simama mahali upepo unapotoka kushoto kwako, ili umsukume nzi mbali na uso. Kabla ya yote, fanya zoezi kwenye nyasi, kipande cha uzi wa sufi kikiwa mahali pa nzi.

Soma sheria za maji yenyewe hata kama muuzaji amekwishakueleza: msimu, idadi, kama ni kuvua na kuachia, kama ndoana zisizo na kisimiko, kile kijimwiba kinachozuia ndoana isichomoke, ndizo tu zinazoruhusiwa. Kisimiko unaweza kukibana mwenyewe kwa koleo. Kwenye maji ya trauti beba kipimajoto. Joto la maji likipita nyuzi 20 Selsiasi, samaki utakayemwachia huenda akafa hata hivyo, hivyo acha kuvua hadi yapoe. Na ukifika wakati wa kununua viatu vya majini, chagua nyayo za mpira. Nyayo za sufi iliyoshindiliwa (felt) hubeba mwani na vijidudu kutoka mto mmoja hadi mwingine, na Nyuzilandi ilizipiga marufuku tangu 2008. Za mpira nazo zisugue na uzikaushe kabisa kabla ya kuhamia maji mengine.