Hadubini iliyoandikwa "mara 2000": nimeitumia miezi sita

Kilichonifanya niinunue hadubini hii ni namba iliyoandikwa kubwa kwenye boksi: inakuza mara 2000. Leo naipenda kweli, ila si kwa sababu ya namba hiyo.

Inakuja na lenzi nne za chini, zile zinazokaribia slaidi, zenye namba 4, 10, 40 na 100. Za kuchungulia ni mbili: 10 na 20. Ukuzaji unaupata kwa kuzidisha namba ya lenzi ya juu kwa ya chini, kwa hiyo 10 kwa 40 ni mara 400. Wapo wanaozijumlisha, lakini lenzi ya juu inaikuza taswira ambayo ya chini imeshaikuza, ndiyo maana tunazidisha.

Basi hiyo 2000 inatoka kwenye 20 mara 100. Nilihangaika nayo siku mbili, tone la mafuta juu ya slaidi, taa imewaka hadi mwisho. Nilichopata ni taswira kubwa yenye giza na kingo zilizofifia, wala hapakuwa na kitu kipya hata kimoja ambacho sikukiona kwenye mara 1000. Sababu imechongwa kwenye lenzi yenyewe: pembeni ya 100 pameandikwa 1.25. Hicho ni kipimo cha uwezo wake wa kupokea mwanga na kutenganisha vitu vidogo vilivyokaribiana. Ukikizidisha kwa 1000 unapata takriban kikomo cha ukuzaji wenye faida, yaani 1250. Kupita hapo unakuza ukungu tu. Lenzi ya 40 imeandikwa 0.65, kikomo chake 650, kwa hiyo hata kuiunganisha na ile ya 20 upate 800 hakusaidii. Iliniuma kwamba kijikaratasi cha maelezo hakikugusia jambo hili.

Kilichonifurahisha zaidi ni namba nyingine ndogo. Lenzi ya kuchungulia ya 10 imeandikwa 10x/18. Hiyo 18 ukiigawanya kwa namba ya lenzi ya chini, unapata upana halisi wa duara unaloliona, kwa milimita. Nilihakikisha kwa rula ya plastiki inayopitisha mwanga: kwenye lenzi ya 4 nilihesabu milimita nne na nusu, sawasawa na hesabu. Nikahamia lenzi ya 10, duara likawa milimita 1.8, nikaweka utando mwembamba wa kitunguu. Seli saba zilijipanga kwa urefu, ukingo hadi ukingo. Kila moja, basi, ni kama milimita 0.26! Nilikaa pale nikizitazama kwa muda mrefu.

Moja niliichora, mchoro ukatoka na urefu wa milimita 78. Chini yake niliandika mara 300, yaani 78 gawanya kwa 0.26, ingawa niliitazama kwa mara 100. Ukuzaji wa mchoro ni urefu wa mchoro gawanya kwa urefu halisi. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapo.

Kasoro ya mtambo wenyewe ni skrubu kubwa ya kulengea, imelegea kidogo na jukwaa la kuwekea slaidi hushuka polepole. Ukitaka ya aina hii, mwombe muuzaji picha ya karibu ya maandishi ya kila lenzi kabla hujalipa. Lenzi ya 20 nimeirudisha kwenye boksi.