Rangi ya nywele isiyo na amonia au hina halisi?

Maneno "haina amonia" yanakuhakikishia harufu ndogo, si upole. Mahali pa amonia, kemikali yenye harufu kali inayofungua unywele, huwekwa kemikali nyingine, ethanolamini, ambayo haivukizi upesi, ndiyo maana haiwashi pua. Lakini nayo hufungua magamba ya unywele, na isiposuuzwa vizuri hubaki humo na kuukausha. Geuza boksi usome: ukikuta "p-Phenylenediamine" (PPD) au "Toluene-2,5-Diamine", hizo ndizo huleta mzio, amonia iwepo isiwepo. Paka kidogo nyuma ya sikio, subiri saa 48 kabla ya kupaka kichwa kizima. Faida ya rangi hii ni kwamba mvi hufunikwa ndani ya takriban nusu saa, tena rangi unachagua mwenyewe.

Hina halisi ni unga wa majani tu. Rangi yake hushika protini ya unywele bila peroksaidi, ile kemikali ya kupausha nywele. Koroga na maji ya uvuguvugu mpaka iwe nzito kama mtindi, iache saa kadhaa, kisha ikae kichwani saa 2 hadi 4. Mvi hutoka na rangi ya chungwa kali, ambayo huiva kwa siku 2, usiharakishe kuirudia. Nywele nyeusi haizipunguzii weusi. Na "hina nyeusi" iogope sana: mara nyingi weusi huo ni PPD.